Mwenyekiti alisahau WhatsApp yake kwenye kompyuta ya dukani kwangu

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41. Nina stesheneri jirani na soko: naprinti, natoa kopi, naskani, nalamineti, na shule zikifungua nauza madaftari. Ninaye kijana wa miaka 19 ananisaidia, mtoto wa jirani yangu, alimaliza kidato cha nne akakosa pa kwenda.

Nipo kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Tupo 28. Tunakutana kila Jumamosi saa tisa, tunanunua hisa, tunakopeshana, na mwezi wa kumi na mbili tunavunja na kugawana. Huu ni mwaka wa sita. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, kama vikundi vingine. Ila miaka miwili hii fedha nyingi zinakaa kwenye laini ya simu ya kikundi, na namba ya siri wanaijua Mwenyekiti na Mweka Hazina tu.

Mwezi uliopita, Alhamisi, Mwenyekiti alikuja kuprinti muhtasari wa kikao. Ulikuwa kwenye WhatsApp yake. Kijana wangu akamfungulia WhatsApp kwenye kompyuta kama tunavyowafanyia wateja wote, Mwenyekiti akaskani ile alama kwa simu yake, tukaprinti kurasa nne, akalipa 800, akaenda zake. Hakuna aliyekumbuka kuitoa.

Jioni kijana ameshaondoka, mimi nafunga mahesabu, kompyuta ikawa inalia. Nikatazama. Kundi lilikuwa pale juu kabisa: "Viongozi Tu". Dada, wiki ileile nilikuwa nimeomba mkopo wa 600,000 ninunue tona na nimalizie ada, nikaambiwa mfuko umekauka. Nikasoma. Kumbe Mweka Hazina ametoa milioni 3.4 akampa mdogo wake Mwenyekiti, ambaye si mwanachama, amalizie bodaboda. Mwenyekiti ameandika itarudi kabla ya mgao, wanachama wasijue, maana "watatuvuruga".

Nikatoa simu nikapiga picha kioo cha kompyuta. Picha 11. Nikamtumia shoga yangu mmoja tunayeaminiana, nikamwekea na sauti: hii iishie kwako. Haijafika saa mbili usiku picha zote zilikuwa kwenye kundi kubwa.

Sasa kwenye zile 11 kuna mbili ambazo sikuzisoma vizuri wakati napiga. Kulikuwa na ujumbe wa mwenzetu, nimwite Mama K., alioutuma kwa viongozi na wao wakauleta kundini kwao wajadiliane. Alikuwa anaomba asogezewe marejesho, na ili wamwelewe akaeleza anaumwa nini, tangu lini na anatibiwa wapi. Ugonjwa wenyewe sitautaja. Hata mama mkwe wake alikuwa hajui. Alijua kesho yake asubuhi sokoni, kwa muuza nyanya.

Kundi liliwaka siku tatu. Wengine wanasema aliyevujisha ni shujaa, wengine wanasema ni mdukuzi na mmbea afukuzwe. Madam mmoja, mwalimu wa sekondari, aliandika ujumbe mrefu kuwa zama hizi siri zimekwisha, akamtaja Snowden, yule Mmarekani aliyevujisha siri za upelelezi wa serikali yake, akataja na WikiLeaks, ule mtandao wa kuchapisha nyaraka za siri, akasema aliyetoa zile picha apewe zawadi siku ya mgao. Kuhusu Mama K. kuna aliyeandika kuwa kama hana la kuficha anaogopa nini. Mwingine akasema angetuambia mapema tungemchangia kwenye mfuko wa jamii. Mama K. alijitoa kundini, na vikao vitatu sasa hajaonekana.

Viongozi wamerudisha milioni 2, iliyobaki wameomba hadi mwisho wa mwezi huu.

Mimi nimekaa kimya. Shoga yangu amewaambia alitumiwa na namba asiyoijua. Viongozi wanamshuku yule kijana wangu, kwa kuwa ndiye aliyemfungulia Mwenyekiti ile WhatsApp, na juzi usiku walikuwa wanaelewana wamwitishe kwa mwenyekiti wa mtaa Jumatatu, ikibidi wampeleke polisi. Yeye bado hajui.

Mume wangu anasema nisijitie kitanzi, hela si imeanza kurudi? Lakini sipati usingizi. Je, nilikosea? Naomba jina langu lisitoke.

Mwenye Stesheneri

*

Marahaba, mdogo wangu. Jina lako halitatoka, na si jina tu. Nimebadilisha vitu kadhaa kwenye barua yako, tarakimu nyingine nimezigusa, na sitasema zipi. Msomaji anayedhani anakijua kikundi hiki, ajue hakijui. Ingekuwa aibu kumfundisha mtu kutunza siri kwa kuitangaza tena.

Barua yako ilinifikia Ijumaa mchana. Sehemu ya kwanza ya jibu hili nilikutumia jioni ileile, maana Jumatatu haingoji safu. Naiacha kama nilivyoiandika.

Umeniuliza kama ulikosea. Nitafika huko. Lakini katika barua yako nzima kuna mtu mmoja tu ambaye mambo yake yana tarehe, na umemweka huko chini, baada ya ada, baada ya Snowden, baada ya milioni mbili zilizorudi. Ana miaka 19. Alifanya kazi uliyomwajiri aifanye, akaenda nyumbani. Jumatatu ataitwa mbele ya wazee wa mtaa aeleze picha ambazo hajawahi kuzipiga, na unajua kijana wa mtaani asiye na kazi ya maana anavyosikilizwa katika baraza la namna hiyo. Atakachokana kitahesabiwa ukaidi. Na ikifika polisi, mama yake, jirani yako huyo, ndiye atakayehangaikia dhamana.

Kwa hiyo usingoje Jumatatu. Kesho Jumamosi asubuhi, kabla ya kikao chenu, nenda kwa huyo jirani. Mwite na kijana akae. Waambie: picha nilipiga mimi, kwa simu yangu, kijana alikuwa ameshaondoka. Usianze na milioni 3.4, wala na mkopo ulionyimwa. Ukitanguliza hayo utakuwa unajitetea, na aliyedhulumiwa mle ndani si wewe. Ukitoka hapo nenda kwa Mwenyekiti na mtu mzima mmoja, mumeo akikubali, asipokubali tafuta mwingine, ukarudie maneno hayohayo. Halafu kikaoni, saa tisa, yaseme mbele ya wote 28. Mara tatu kwa siku moja, najua. Ukisema kwa Mwenyekiti peke yake, mna kila sababu, yeye na wewe, ya kuyamaliza kimyakimya: wewe una yake na yeye ana yako. Na kijana atabaki na jina bovu mtaani.

Hapo ndipo nilipoishia Ijumaa. Sasa swali lako.

Katika zile picha 11 kuna picha tisa na kuna picha mbili. Watu wa kundini kwenu wamebishana siku tatu kama kwamba ni kitu kimoja, ama zote ushujaa ama zote umbea, na ndiyo maana hawakufika popote. Mimi siri huwa naiuliza swali moja: wewe ni wa nani? Milioni 3.4 zilikuwa za watu 28. Zilitoka kwenye hisa zenu za kila Jumamosi, za wauza vitumbua na wa mitumba na wewe wa kopi. Viongozi hawakuwa na siri pale, walikuwa na jambo lenu wamelifungia chumbani kwao. Mwenye mali akijua mali yake imekwenda wapi, hajaiba siri ya mtu. Kwa zile tisa sitakugombeza kwa kujua.

Kwa namna ulivyozitoa, nitakugombeza kidogo. Ulikuwa unajua Alhamisi. Jumamosi mna kikao. Ungesimama ukasema: naomba leo hesabu zisomwe, na laini ya kikundi iangaliwe salio hapa mbele yetu sote. Hakuna katiba ya kikundi ninayoifahamu inayomnyima mwanachama haki hiyo. Salio lingesema lenyewe. Usingehitaji picha hata moja, wala shoga, wala usiku ule. Na kama wangekataa, mngeenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kwa sababu tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama chenu vinatakiwa viwe vimesajiliwa, na usajili unafanyika halmashauri. Kama chenu hakijasajiliwa, basi hilo nalo ni la kuulizwa kikaoni.

Kwa nini hukufanya hivyo? Umenijibu mwenyewe bila kukusudia: 600,000. Ulikuwa na hasira. Hasira yako ilikuwa ya haki, sina ugomvi nayo. Ila mtu mwenye hasira hupiga picha asome baadaye, na ndani ya "baadaye" hiyo ndimo alimokuwamo Mama K.

Nije kwa madam wenu. Simcheki, amesoma, na hoja yake ina uzito kwa zile picha tisa. Lakini mifano aliyoileta haimsaidii kama anavyodhani. Edward Snowden, mwaka 2013, nyaraka alizotoka nazo hakuzimwaga barabarani. Aliwakabidhi waandishi wa habari aliowachagua ili wachuje, watoe linalowahusu wananchi na kuacha lenye kumdhuru mtu bure. Watu wanabishana mpaka leo kama alifanya vema, lakini hilo la kuchuja alilitaka yeye mwenyewe. WikiLeaks ndiyo imebeba funzo zaidi. Mwaka 2010 walizitoa barua za mabalozi wa Marekani wakishirikiana na magazeti makubwa, na majina ya watu ambao wangeweza kudhurika yalifutwa kabla ya kuchapishwa. Septemba 2011 WikiLeaks wakaachia barua zote, zaidi ya 250,000, majina yakiwa humohumo. Magazeti yaleyale yaliyokuwa washirika wao yakatoka hadharani kulaani. Hayakulaani kufichuliwa kwa serikali. Yalilaani kwamba mtu mdogo, aliyezungumza na balozi kwa kuaminiana, ametolewa nje pamoja na wakubwa. Mama K. wenu ndiye huyo mtu mdogo.

Na mfano wa karibu tunao, hatuna haja ya kuvuka bahari. Kenya palikuwa na karani wa Benki Kuu, David Munyakei. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilimpitia mkononi karatasi za malipo makubwa kwa kampuni ya Goldenberg, malipo ya motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyo na machimbo ya almasi. Nyaraka zikafika kwa wabunge wa upinzani, na 1993 jambo likawa la taifa zima. Munyakei alikamatwa, akapoteza kazi, na alifariki 2006 akiwa fukara. Nikimsoma huyu karani huwa najiuliza ni karatasi ngapi nyingine zilipita mezani kwake: mshahara wa mwenzake, deni la bosi, cheti cha ugonjwa cha dada wa masjala. Zile alizozitoa ni za fedha za umma. Alizipeleka kwa watu ambao kazi yao ni kuiuliza serikali. Na gharama aliilipa kwa jina lake mwenyewe.

Sasa hao wawili wengine wa kundini. Yule aliyeandika kama hana la kuficha anaogopa nini, mwambie alete simu yake hapo kikaoni izungushwe mikononi mwa watu 28 kwa nusu saa. Wa pili, wa mfuko wa jamii, anaonekana mwema na ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, maana maneno yake yanaingia akilini. Angetuambia tungemchangia. Labda. Lakini Mama K. aliwaambia viongozi. Aliwachagua, akapima, akawaambia wao wachache kwa kuwa ndio wenye kalamu ya marejesho. Kumwambia mtu siri yako si kuifanya iwe ya kijiji kizima, na msaada hautolewi kwa masharti ya kuvuliwa nguo kwanza. Nitaongeza na hili kwa viongozi wenu, wakisoma: ujumbe ule mliuleta kundini kwenu mzima mzima wa nini? "Mwenzetu mmoja ana matibabu, anaomba miezi miwili" isingetosha?

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Ni hiyo kazi yako. Mwenye stesheneri ni mtu wa ajabu katika mji. Daktari ana kiapo, wakili ana kiapo, shehe na padri tunajua wana miiko yao. Wewe huna kiapo chochote, na unaona zaidi yao wote. Hati ya kiwanja ambayo mke hajui kama ipo, unaitolea kopi. Barua ya kuomba talaka unaichapa wewe, mwenyewe analia pembeni. Majibu ya hospitali, mikataba, vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba mwingine. Mtu anakupa flashi yake yote, maisha yake yote yamo, ili uprinti CV ya kurasa mbili. Anakupa kwa sababu anaamini macho yako yanaangalia karatasi bila kusoma. Ndiyo bidhaa unayouza, mdogo wangu, kuliko hata wino. Hukuniambia wateja wamepungua au la, lakini siku itakapojulikana, watakaokuepuka si wale wanaompenda Mwenyekiti. Ni yule dada mwenye barua ya talaka.

Kwa hiyo utaibadilisha meza yako. Mteja akitaka kuprinti kutoka kwenye simu, akutumie lile faili moja tu, kwa barua pepe ya duka au namba ya duka, na ukimaliza lifute akiwa anaona. Ikilazimu kufungua WhatsApp yake kwenye kompyuta, hanyanyuki kwenye kiti hadi aone imetolewa. Mwambie na kwake aangalie: kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna mahali panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa, na kila kompyuta aliyoiskani na haijatolewa ipo pale, anaweza kuiondoa kwa kugusa mara mbili. Watu wengi hawajui kuwa simu ikizimwa, au ikiwa iko kilomita mia kutoka hapo, kompyuta inaendelea kupokea ujumbe kama kawaida. Mwenyekiti wenu ni mmoja wa hao wasiojua. Bandika maelekezo ukutani, utakuwa umewasaidia wengi.

Shoga yako simsemi sana. "Hii iishie kwako" ni maneno ambayo kila umbea nchi hii umesafiri nayo. Wewe mwenyewe uliposema hivyo, siri ilikuwa imeshaishia kwako na wewe hukuiishilizia. Watu wanajidanganya na lile tangazo la WhatsApp kwamba ujumbe umefungwa na hakuna wa kati anayeweza kuusoma. Ni kweli, wa kati hawezi. Aliye mwisho wa waya anaweza, ana macho na ana kidole cha kufowadi. Mna sanduku la kufuli tatu kwa sababu waliobuni utaratibu ule walijua mtu mwema akiachiwa ufunguo peke yake hujaribiwa. Kisha mkahamisha hela kwenye laini inayofunguliwa na watu wawili walioelewana, mkahamisha na siri za wagonjwa kwenye simu ambazo kila mmoja anajifungulia kivyake. Kufuli zimebaki kulinda daftari la mahudhurio. Kwa upande wa fedha dawa ipo: makampuni ya simu yana huduma za vikundi ambazo fedha haitoki hadi viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe, na wanachama wanapata taarifa. Dai hiyo kikaoni. Utakuwa na aibu siku hiyo, lakini aibu haikuondolei haki ya hisa zako.

Sheria nitaigusa kidogo, mimi si wakili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa, na mtu anaweza kubishana kama kukuta mlango wazi ni kuingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Mama K. akiamua kulalamika ni haki yake. Usiende kwake kumwomba asilalamike. Pata ushauri wa mwanasheria, au wa msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe, kabla ya kuandika chochote na kutia sahihi.

Sasa Mama K. mwenyewe. Huyu usimtumie ujumbe, usimpigie, wala usimtume mtu. Nenda kwa miguu, saa ambayo mama mkwe hayupo, na usiende na mkungu wa ndizi kama mtu anayehani msiba. Mwambie: "Picha zilizokutoa nilipiga mimi. Nilikuwa na hasira za mkopo, sikusoma. Nimeshasema kwenye kikao, na jina lako sikulitaja tena." Kisha nyamaza. Akikutukana, pokea. Akifunga mlango, ondoka na usirudi hadi akuite. Usimwambie kwamba na wewe huli wala hulali, hilo ni lako. Usimwambie watu wameshasahau, kwa sababu si kweli na anajua. Kama kuna atakachokuomba, huenda kikawa kidogo tu, kwa mfano umpelekee marejesho yake kikaoni ili asikutane na macho ya watu. Kifanye bila kumsimulia mtu kwamba unakifanya.

Zile picha unazo bado, nina hakika. Mbili za Mama K. zifute leo, na uingie kwenye pipa la taka la simu ukazifute tena, maana simu huziweka pale kwa muda. Angalia na sehemu picha zako zinakojihifadhi zenyewe mtandaoni. Mwambie na shoga yako afanye hivyohivyo mbele ya macho yako. Zile tisa za fedha usizifute, zinaweza kuhitajika mpaka milioni 1.4 iliyobaki irudi, lakini zisitoke kwenye simu yako isipokuwa ukiombwa na kikao au na mtu wa halmashauri.

Mumeo anasema usijitie kitanzi. Namwelewa, anaogopa duka lifungwe. Muulize tu: huyo kijana angekuwa wa kwetu, tungekaa kimya?

Na kabla sijaweka kalamu. Umeniandikia kwamba juzi usiku viongozi walikuwa wanaelewana kumwita kijana Jumatatu, na kwamba yeye mwenyewe bado hajui. Hakuna aliyekuambia. Mwezi mzima sasa umekuwa ukikaa pale jioni baada ya kufunga mahesabu. Ukishamwambia Mwenyekiti, mpeleke dukani, mkalishe mbele ya ile kompyuta, na umwache aitoe WhatsApp yake kwa mkono wake.